Kilo Moja

Miaka thelathini na mmoja nilikaa juu,
ndani ya kijumba cha kioo, bandarini Kilindini,
nikinyanyua makontena kama vikombe vya kahawa,
nikiyatua juu ya lori hata dereva asishtuke.
Leo kilo moja ya udongo
imenitoa jasho, na bado si bakuli.

Karakana iko Jomvu, nyuma ya duka la matairi.
Upande ule wanaziba pancha, upande huu twafinyanga.
Mishi, mwalimu, ana miaka ishirini na sita,
rika la kitinda mimba wangu.
Ananiita Mzee Shebwana kwa heshima,
kisha ananikaripia bila heshima yoyote.

"Kanda kwanza. Kama unga wa chapati, ila kwa hasira.
Hewa yafanya nini humo ndani? Itoe."
Nikakanda. Nikaukata kwa waya, nikautazama tumboni:
vitundu viwili, macho ya sisimizi.
"Tena."

Gurudumu nalo lina mambo yake.
Uliendee kwa nguvu, lakutupia tope miwanini.
Uliendee kwa woga, udongo wayumba
mithili ya bwana harusi aliyekosa usingizi.
"Usiusukume. Kiwiko pajani. Wewe tulia, utakuja wenyewe.
Pumua basi, kwani umezama?"

Jumanne ya nne ukatulia.
Sijui nilifanya nini.
Ulizunguka kama usiozunguka,
kidole gumba kikaingia katikati
kama mtu aingiaye gizani chumba alichozaliwa.
Nikavuta ukuta juu. Nikavuta tena.
Nikataka tena kidogo,
bakuli likanywea, likalala ubavu.
"Tamaa," akasema Mishi, akalibonda likarudi donge.
"Udongo uwahi ungali maji. Nawe bado hujakauka, Mzee."
Nilicheka. Nyumbani, usiku, nikacheka tena.

Lililosimama likawekwa rafuni.
Hewa ya kwetu haina haraka ya kukausha kitu,
hata kanga huanikwa siku mbili.
"Liweke shavuni," alinifunza.
"Likiwa baridi, maji yangalimo."
Nikaliweka shavuni.
Lilikuwa baridi kama chupa ya soda.
Nikasema, "Limekauka."

Lilipasuka usiku, tanurini, bila shahidi.
Asubuhi tukafungua: changarawe,
na chetezo cha Riziki Menza, muuza mahamri,
alichokichonga maua kwa sindano wiki tatu
kwa ajili ya harusi ya bintiye,
kimekatika shingo.

Tani ishirini sikuwahi kuangusha.

Nikamwambia. Si Mishi aliyeniuliza, wala yeye.
Riziki alipangusa mikono kwenye leso,
akaokota vipande kimoja kimoja,
akanikabidhi kile chenye ua.
"Haya. Shika. Sasa nifinyangie kingine."

Kwa hiyo nilikanda. Kwa hiyo nilingoja,
siku kumi na saba, shavu langu likiwa kipimo.
Mchomo wa kwanza kikatoka chekundu, kizima, kikavu kama biskuti.
Kisha glezi: uji wa kijivu kwenye ndoo ya rangi ya nyumba.
"Chovya. Moja, mbili, tatu, toa.
Futa nyayo kwa sifongo, ama kitaganda tanurini
na utanilipa rafu."
Nikauliza, mbona kijivu, nami nilitaka kijani?
"Ya ndooni si ya tanurini. Subiri moto useme."

Moto ukaanza kusema, stima ikapotea.
Mtaa mzima ukapiga kelele, nami peke yangu
nikakilia chombo.
Siku mbili. Tukarudia.

Tulipofungua, vyombo vilikuwa vikilia ting, ting,
vikipoa, vikisengenyana.
Changu kijani, ndiyo, upande mmoja;
upande wa pili hudhurungi kama chai iliyochacha.
Na kimeinama kidogo, kama asikiaye vibaya.

Harusi ilikuwa imekwisha pita.
Riziki hafukizi udi ndani yake.
Hukiweka mezani, kando ya mahamri,
na humo hutia sarafu za chenji.
Kila asubuhi nanunua mawili, natoa noti kubwa,
ili nione mkono wake ukiingia.

Kipande chenye ua kiko kwangu jikoni.
Mfinyanzi hulia gaeni, wasema.
Mimi nakiwekea chumvi.